Bakteria wa magonjwa: niwapange kwa ugonjwa, au nianze na Gram (upakaji wa rangi unaowagawa bakteria makundi mawili) kama mwalimu anavyosema?

Tabibu Mtarajiwa ameuliza:

Wakubwa shikamooni. Nasoma stashahada ya utabibu na mtihani wa maikrobaiolojia unakaribia. Nimejaza daftari zima majina ya bakteria na magonjwa yao: huyu wa kifua kikuu, huyu wa kipindupindu, huyu wa kaswende, huyu wa pepopunda. Hapo naenda vizuri. Nikifika kwenye nimonia na homa ya uti wa mgongo navurugikiwa, maana ugonjwa mmoja una bakteria chungu nzima. Halafu Staphylococcus aureus namkuta kila ukurasa: kwenye jipu, kwenye mfupa, kwenye chakula kilicholala, kwenye valvu ya moyo. Mwalimu anasema tuanze na Gram, mengine yatafuata, lakini sioni yanafuataje. Naombeni msaada. Na je, mpangilio huo una faida kwa mgonjwa au ni wa kufaulia mtihani tu?

Afisa Afya Kata amejibu:

Dogo, mimi niliwapanga kwa njia wanayoingilia. Wa hewani: kifua kikuu, kifaduro, dondakoo. Wa maji na chakula: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu. Wa ngono: kisonono, kaswende. Wa jeraha: pepopunda. Wa wanyama na wadudu: kimeta, tauni, brusela ya maziwa mabichi. Mpaka leo ndivyo ninavyofikiri nikiwa kazini.

Bi Hadubini amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Mpangilio wa Afisa Afya ni sahihi kwa kazi yake, kwa sababu yeye anatakiwa kujua aanze na choo, chanjo au panya. Wewe utakaa na mgonjwa mmoja mbele yako na itakubidi umwandikie dawa siku hiyohiyo. Mimi niko maabara, nakueleza jinsi bakteria anavyojitambulisha kwetu, maana kila hatua tunayopita inaondoa dawa fulani na kuacha nyingine.

Mwaka 1884 daktari Mdenmark, Hans Christian Gram, alikuwa Berlin akitafuta namna ya kuwaona bakteria ndani ya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Akagundua kwamba wako wanaobaki na zambarau hata ukiwaosha kwa alkoholi, na wako wanaoiachia. Nyekundu tunayomalizia nayo siku hizi, safranini, si yake, iliongezwa na waliomfuata. Kinachofanya hivyo ni ukuta. Gram chanya, anayebaki zambarau, ana ukuta mnene wa peptidoglikani (wavu wa sukari na protini) unaoshikilia rangi. Gram hasi, anayeishia na nyekundu, ana ukuta mwembamba, na juu yake utando wenye mafuta ambao alkoholi inaubomoa. Sasa angalia faida yake wodini: utando huohuo wa nje ndio unaozuia antibiotiki ya vankomaisini isiingie. Ukimwandikia mgonjwa vankomaisini peke yake na kioo cha hadubini kimeonyesha vijiti vyekundu, hujamtibu.

Baada ya rangi, tazama umbo na jinsi wanavyokaa. Chukua usaha wa jipu. Viduara vya zambarau vilivyojikusanya vichala: stafilokokasi. Vilivyopangana mnyororo: streptokokasi. Kama huna uhakika, weka koloni (kundi la bakteria walioota pamoja) kwenye tone la haidrojeni peroksaidi. Stafilokokasi anatoa povu papo hapo, streptokokasi hatoi. (Koloni usiichote pamoja na agari ya damu, yaani jeli yenye damu tunayooteshea bakteria, chembe nyekundu zenyewe zinatoa povu.) Anayetoa povu mpime koagulesi, kimeng'enya cha kugandisha damu: akigandisha plazima, mkononi una S. aureus. Asiye na povu mwangalie kwenye agari ya damu. Aliyesafisha damu kabisa kumzunguka anaweza kuwa S. pyogenes wa tonsili, na huyo usimchezee, kwa sababu mtoto asipotibiwa vizuri anaweza kupata homa inayoharibu valvu za moyo wiki chache baadaye. Anayeacha ukijani anaweza kuwa S. pneumoniae.

Hapo ndipo homa yako ya uti wa mgongo inaponyooka. Usikariri orodha. Fikiria kioo cha maji ya uti wa mgongo. Viduara pachapacha vya zambarau, virefu kidogo kuelekea ncha: pneumokokasi, yaani yule S. pneumoniae. Pachapacha vyekundu, vingine vikiwa ndani ya seli za usaha: Neisseria meningitidis, na waliokaa na mgonjwa nyumba moja wanahitaji dawa ya kinga. Vijiti vifupi vyekundu kwa mtoto asiyechanjwa: Haemophilus influenzae. Kwa kichanga fikiria streptokokasi wa kundi B, E. coli na Listeria. Ugonjwa ni mmoja, njia ya kuwatofautisha ni ileile ya kwenye jipu. Na nakusihi sana, ukishatoa maji hayo usiyaweke kwenye friji. Neisseria na Haemophilus wanakufa kwa baridi, na sisi tutakuandikia hakuna kilichoota.

Vijiti vyekundu vya tumboni vinafanana vyote, hadubini haitakusaidia. Tunavipanda kwenye agari ya MacConkey. E. coli anakula laktosi (sukari ya maziwa) na koloni zake zinakuwa za waridi. Salmonella na Shigella wanabaki bila rangi. Wa kipindupindu tunamtafuta kwenye agari yake, TCBS, anaota manjano.

Kuhusu S. aureus kutokea kila ukurasa: ugonjwa unategemea amefika wapi na amekuja na nini. Kwenye ngozi anatengeneza jipu. Akiingia kwenye damu anatua kwenye mfupa au valvu. Kwenye chakula kilicholala anaacha sumu, na sumu hiyo haiharibiki kwa kupasha moto. Ndiyo maana mtu anatapika ndani ya saa chache, na antibiotiki haimsaidii chochote. Anahitaji maji.

Mwisho kuna wanaoikataa Gram, waweke ukurasa wao. Kifua kikuu na ukoma wana nta ukutani, tunawapaka kwa njia nyingine ya rangi, Ziehl-Neelsen. Wa kaswende ni mwembamba mno, tunategemea kipimo cha damu. Klamidia anajificha ndani ya seli. Mycoplasma hana ukuta kabisa, kwa hiyo penisilini, inayopiga ujenzi wa ukuta, haina pa kumshika.

Muuguzi wa Dodoma amejibu:

Dada umemaliza, ila kwenye ukurasa wa wanaoikataa Gram muongezee wa homa ya papasi. Huku kwetu nyumba za udongo bado zina papasi sakafuni na kwenye nyufa. Mgonjwa anakuja na homa kali, inakata, baada ya siku kadhaa inarudi. Anapewa dawa ya malaria, homa inaposhuka yenyewe wote wanaamini dawa imefanya kazi.

Bi Hadubini amejibu:

Asante dada, huyo ni Borrelia duttonii, amepewa jina la Joseph Everett Dutton aliyefia Kongo mwaka 1905 akimchunguza. Na wewe, mdogo wangu, sikiliza hili: anaonekana kwenye kioo kilekile cha malaria, uzi uliojisokota katikati ya chembe nyekundu. Lakini kile kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni hata kidogo. Kwa homa inayokwenda na kurudi, omba kioo.

Tabibu Mtarajiwa ameuliza:

Nashukuru sana dada zangu, nimeanza kuwapanga upya usiku huu. Swali la mwisho: Salmonella Typhi, wa homa ya matumbo (taifodi), mbona nilikofanyia mazoezi hatukuwahi kumuotesha? Ilikuwa kipimo cha damu cha Widal tu, na karibu kila mtu alikuwa na taifodi.

Bi Hadubini amejibu:

Hilo linaniuma kuliko yote. Widal, ya tangu 1896, haimtafuti bakteria. Inatafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kubaki kutokana na ugonjwa wa zamani, chanjo, au Salmonella mwingine. Kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kusema mtu ana taifodi leo. Watu wanakunywa antibiotiki ya siprofloksasini mara kwa mara kwa ugonjwa ambao hawana, na bakteria wengine walioko tumboni mwao wanaizoea. Ukishakuwa kazini, mgonjwa mwenye homa ya siku nyingi mtolee damu ya kuotesha, na itolewe kabla hajameza dozi ya kwanza. Kama kituo hakioteshi, uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa inayopokea sampuli, na uandike kwenye fomu homa ilianza lini na dawa gani ameshakunywa. Fomu nyingi zinatufikia zimeandikwa "homa" tu, nasi tunabaki kubahatisha tuanze na agari ipi.