Kanzidata ya viashiria vya saratani ya tumbo: jina lipi litangulie?

Swali: Ndugu zangu, ninakusanya viashiria vya kibayolojia vya saratani ya tumbo kutoka makala za utafiti, lakini HER2 (protini ya kwenye utando wa seli inayoweza kuchochea saratani, na pia jina la jeni yake) imezaa rekodi tatu, kwa kuwa wengine huiita ERBB2 na wengine neu. Nizipatanishe vipi bila kupoteza asili ya taarifa?

Jibu la 1: Fanya jina rasmi la jeni, ERBB2, kuwa ufunguo (jina moja la kuunganisha rekodi zote), kisha uhifadhi kando jina kama lilivyoandikwa kwenye makala. Zaidi ya hayo, tafadhali usiandike "chanya" peke yake: andika kipimo, alama (kiwango cha matokeo) na aina ya sampuli, kwani katika saratani ya tumbo utando wa seli ulioshika rangi ya kipimo cha maabara bila kuzungukwa wote huweza kuhesabiwa chanya kamili, tofauti na ilivyo kwa saratani ya matiti.

Jibu la 2: Tenganisha pia kiashiria cha kutabiri mwitikio wa dawa, kama HER2 kwa trastuzumab (dawa inayolenga HER2), na cha hatari ya kurithi, kama mabadiliko ya jeni ya CDH1. Kila makala isomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Aina ya sampuli sikuwa nimeiandika popote. Naanza kurudia makala zote leo.