Kijana kapata nafasi seminari ndogo: sala na Kilatini havitakula muda wa masomo?

Mama Kidato
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kijana wetu kafaulu usaili wa seminari ndogo ya jimbo (sekondari ya Kanisa Katoliki ya kulea vijana wanaofikiria upadre), Januari anaanza kidato cha kwanza. Katoka shule ya msingi ya Kiswahili. Siku yake itakuwaje? Nahofia sala, shamba na Kilatini vitamnyima muda wa hesabu na fizikia.

Msakristi
Marahaba mama, na hongera. Dakika hutofautiana seminari kwa seminari, lakini mkondo ni ule ule. Kengele ya kuamka saa 11 au 11:30 alfajiri, kisha Masifu ya Asubuhi (sala ya zaburi ya pamoja), tafakari na Misa. Baada ya hapo usafi wa maeneo, uji, na saa 2 wako darasani. Sala ya Malaika wa Bwana saa 6 mchana. Alasiri kazi za mikono (kulima, kufyeka, banda la ng'ombe), michezo, kuoga. Jioni Rozari au Masifu, prepo (muda wa kujisomea), chakula, prepo tena, Sala ya Mwisho. Taa huzimwa karibu saa 4 usiku.

Baada ya Sala ya Mwisho huingia silensio kuu: hakuna kuongea mpaka kesho yake baada ya Misa. Wazazi wengi huiona kama adhabu, kumbe ndiyo inayolinda usingizi. Hapo kijana ana saa saba za kulala, na hazina ziada. Anayejificha na tochi chini ya blanketi asome mpaka saa 6 usiku atasinzia kwenye tafakari, atasinzia kipindi cha kwanza, halafu usiku ajaribu kufidia. Muhula ukiisha ameshuka, na lawama inapewa sala.

Chaki Nyeupe
Kuhusu masomo: Kanuni ya 234 ya Sheria za Kanisa inataka waseminari wapate elimu ile ile inayowaandaa vijana wenzao wa eneo hilo kwa masomo ya juu. Kwa hiyo mtihani wa kidato cha nne ni ule ule wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania). Daraja hutokana na masomo saba bora: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Maarifa ya Biblia ni somo la NECTA, na akilifanya vizuri linaingia kwenye hizo saba. Kilatini ni vipindi vichache tu kwa wiki. Sijaona kikimwangusha mtu fizikia.

Kinachoangusha ni Kiingereza. Hesabu anaijua, swali halielewi. Wiki hizi mtafutie vitabu vya kidato cha kwanza vya baiolojia na hesabu. Kila siku achague maneno kumi, ayaandike kwenye daftari na maana yake, kisha atunge sentensi kwa kila moja. Akikariri orodha bila sentensi, Februari yamefutika.

Mzee wa Pugu Road
Nyongeza. Serikali ilipotwaa shule za mashirika ya dini mwaka 1970, shule ya Pugu aliyofundisha Mwalimu Nyerere ilichukuliwa, seminari zikabaki mikononi mwa Kanisa. Ndiyo maana ratiba hii ya zamani utaikuta huko zaidi kuliko kwenye shule zilizokuwa za mapadre.

Mama Kidato
Asanteni sana. Na asipojisikia wito?

Msakristi
Amwambie baba wa kiroho (padre mlezi wa roho hapo seminarini) mapema. Gambera, yaani mkuu wa seminari, siye wa kuanzia. Wengi humaliza kidato cha nne au cha sita wakaendelea na maisha mengine, si aibu. Ila asiigize. Mchujo wa mwisho wa mwaka huangalia tabia na sala pamoja na alama, na anayeigiza huonekana kwenye kazi za mikono kabla ya kanisani. Mnunulie jembe na panga, mpini uwe umeshatiwa kabisa.