Mjadala: Udiwani wa viti maalum unamfikisha mwanamke jimboni, au unamzungusha tu?

Fundi Hesabu, Tandika: Mwanamke anaanza udiwani wa viti maalum, vile vya wanawake visivyopigiwa kura katani, hapa Temeke au Kinondoni. Baraza la madiwani anakaa, bajeti anaijua. Mbona akitaka ubunge Dodoma anapita tena viti maalum? 2020 majimbo yalikuwa 264, wanawake walioshinda 26 tu. Wa viti maalum 113. Kinakwama wapi?

Mjumbe Hapigiki: Hana kata, nani anamjua? Kazi yake kitenge cha chama na kugawia mashoga zake ile mikopo ya asilimia 10.

Mama Mbagala: Mashoga zake? Kaka, kaa chini ufundishwe. Ile ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Kikundi kinasajiliwa, afisa maendeleo ya jamii wa kata anakikagua, maombi yanaanzia kata ndipo yanapanda halmashauri. Na mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ni diwani wa kata, yule uliyempigia kura wewe. Wa viti maalum ni mjumbe tu.

Mjumbe Hapigiki: Ndiyo maana ikasimamishwa 2023? Kwa usafi huo?

Mtendaji Mstaafu: Ilisimamishwa kwa fedha zisizorudi na vikundi hewa, ikarudi 2024. Kikundi hewa mnakijua? Katiba imenakiliwa ya wenzao, muhtasari wa kikao una sahihi kumi za mkono mmoja, na cherehani zilizopigwa picha ni za kikundi cha mtaa wa pili. Anayetakiwa kwenda kuzigusa hizo cherehani ni afisa maendeleo. Akisaini akiwa mezani, diwani afanye nini?

Mjumbe Hapigiki: Apige kelele kikaoni! Analipwa posho ya nini?

Fundi Hesabu, Tandika: Jamani, niliuliza ubunge.

Kijana Sinza: Halima Mdee wa CHADEMA mbona alianzia jimbo la Kawe moja kwa moja?

Mama Mbagala: Hapana mwanangu. 2005 aliingia kwa viti maalum, Kawe akaichukua 2010. Wala udiwani hakupitia.

Mjumbe Hapigiki: Na 2020 Kawe ilipomponyoka akaapishwa wapi? Viti maalum! Yeye na wenzake 18, chama chao kikasema hakikuwapeleka.

Mtendaji Mstaafu: Hapo umegusa penyewe bila kujua. Viti maalum ni orodha. Chama kinapanga majina, tume ya uchaguzi inagawa viti kwa uwiano wa kura za ubunge, kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5. Ukiwa wa tatu umepita, wa mkiani unasubiri mtu afe. Sasa diwani anayeitaka nafasi ya tatu atagombana na mwenye kupanga kwa ajili ya cherehani? Akifika bungeni, mfuko wa jimbo, ule wa fedha za miradi, mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge wa jimbo. Miaka mitano inaisha hana hata tundu la choo cha shule la kuwaonyesha watu, halafu mnataka akagombee jimbo. Na uwaziri mkuu asiuote, ibara ya 51 inataka mbunge wa jimbo.

Kijana Sinza: Mama Samia je? Si alianza viti maalum?

Mama Mbagala: 2000, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Ila 2010 akaenda kuomba kura za ubunge jimbo la Makunduchi, akapewa. Alihama.

Fundi Hesabu, Tandika: Kwa hiyo jibu ni muhula mmoja au miwili kisha ahame?

Mjumbe Hapigiki: Mtendaji bado hajajibu posho. Na lile neno mashoga nalifuta. Kitenge sifuti.

Mama Mbagala: Usifute. Ila na yale mashati ya kijani ya CCM ya madiwani wanaume utuambie, wanavaa kwa sababu ya baridi ya Dar?