Wauza vinanda vya mtumba Tabora, demo si kipimo! Acheni kuwaibia wanakwaya

Wanajamvi, salaam. Leo nimekuja na hasira na sitaomba radhi.

Kwaya inachanga mwaka mzima, mia tano mia tano, halafu mwalimu wa kwaya anauziwa boksi linalojua kupiga demo tu. Mchezo wenyewe ni ule ule. Muuzaji anachomeka waya, anabonyeza kitufe cha demo (wimbo wa mfano uliowekwa ndani kiwandani), muziki unamwagika, wateja wanatikisa vichwa, hela inahesabiwa. Demo inatoka kwenye kumbukumbu ya ndani, haipiti kwenye funguo hata kidogo. Kinanda cha funguo 61 kinaweza kuwa na 20 zilizokufa na demo ikalia vizuri kabisa. Hapo umepima spika na saketi ya sauti, basi.

Mnunuzi, mwambie azime hiyo demo. Bonyeza ufunguo mmoja mmoja, nyeupe na nyeusi, zote 61, kwanza taratibu kisha kwa nguvu. Kwenye vinanda vinavyosikia uzito wa mkono, chini ya kila ufunguo kuna mpira wenye vidoti viwili vya kaboni. Kimoja kinagusa bodi kabla ya mwenzake, na muda kati ya miguso hiyo miwili ndio unaoamua sauti iwe kubwa au ndogo. Vumbi likiingia (na vumbi la Tabora kiangazi mnalijua), ufunguo unakuwa bubu, au unapayuka peke yake hata ukiugusa kwa kidole cha mtoto. Sasa sikilizeni ujanja wao: wanazima "touch", yaani huko kusikia uzito wa mkono, kabla hujafika. Ikizimwa, funguo zote zinalia kwa nguvu moja na ule unaopayuka unajificha. Iwashe mwenyewe.

Uchafu si ugonjwa mkubwa. Unafungua, unatoa mipira, unafuta vidoti na bodi kwa pamba yenye spiriti safi, unaacha vikauke, unarudisha. Petroli usiguse, inavimbisha mpira. Lakini nyie mnaopaka risasi ya penseli kwenye kaboni iliyolika ili ufunguo ulie siku ya mauzo tu, huo ni wizi. Kaboni ikiisha dawa yake ni mpira mpya wa modeli ile ile.

Adapta ndiyo inaniudhi kuliko yote. Vinanda vya Yamaha PSR vingi vinataka volti 12, chanya katikati ya pini. Casio nyingi za zamani zinataka volti 9, HASI katikati. Mchoro wa duara unaoonyesha hilo uko pale pale karibu na tundu, lakini muuzaji anachukua adapta yoyote ambayo pini yake inaingia. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuunguza bodi papo hapo. Halafu kuna "hiki kimetoka Japani moja kwa moja". Sawa, Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, huku kwetu 230. Mnakivalisha plagi ya pini tatu mnasema "tumeshabadilisha". Mmebadilisha pini, volti ziko pale pale! Soma INPUT (umeme unaoingia) kwenye adapta: ikiandikwa 100V peke yake, usichomeke. Ikiandikwa 100–240V, endelea kulinganisha volti za kutoka, upande wa chanya, na ampea zisiwe chini ya zinazotakiwa.

Modeli nyingi za zamani zinakula betri 6 kubwa za tochi, kwa hiyo nenda nazo. Kikiwaka kwa betri na kugoma kwa adapta unayoiamini, kagua tundu la umeme. Tikisa pini taratibu: kikizimika-zimika, solda imepasuka, na fundi redio yeyote anaunga. Punguziwa bei hapo hapo. Na kiinue ukitikise, usikie kama kuna skrubu inayozunguka au uchafu wa mende.

Magita nayo! Gita la nyuzi za nailoni mnalifunga nyuzi za chuma ili lilie kwa nguvu dukani. Seti ya nailoni inavuta kama kilo 40, ya chuma inapita 70. Daraja, kile kibao nyuzi zinapofungwa, linabanduka. Pitisha ukingo wa karatasi chini yake, ukiingia, liache gita hilo. Mji wa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, halafu mtu anamwambia mpiga gita kwamba nyuzi kugonga freti (vile vyuma vya shingoni) ni "sauti ya zamani"!

Mnaotuma Kigoma kwa treni, mnunuzi apewe video isiyokatwa ya funguo zote 61, touch ikiwa imewashwa, na picha ya maandishi ya adapta KABLA ya kutuma hela. Ni dakika tatu tu.

Mwenye mipira ya PSR za zamani hapa mjini aweke modeli na bei hapa chini. Wa "njoo inbox" apite tu.