Mjadala: Je, ni Ikulu iliyomharibu Mark Meadows, au msimamo wake ulikuwa umekwisha kabla hajaingia?

Ndugu wasomaji, kila inapozungumzwa habari ya Mark Meadows, mbunge mhafidhina aliyekuja kuwa Mkuu wa Utumishi wa Ikulu ya Marekani katika miezi ya mwisho ya muhula wa kwanza wa Donald Trump, hoja mbili hujitokeza. Ya kwanza husema alikuwa mbunge shupavu aliyeharibiwa na Ikulu. Ya pili husema hakuharibika hata kidogo, bali alimtumikia rais wake kama mtumishi yeyote anavyopaswa kumtumikia mkubwa wake. Mimi nazipinga zote mbili, na naomba anayeona vinginevyo anijibu kwa hoja.

Tuanze na ushupavu wenyewe, kwa sababu ulikuwepo. Meadows, aliyekuwa akifanya biashara ya nyumba na viwanja katika milima ya magharibi ya North Carolina, alichaguliwa mwaka 2012 katika eneo la uchaguzi la 11 la jimbo hilo. Mipaka ya eneo hilo ilikuwa imetoka kuchorwa upya na Warepublican kwa namna iliyougawa mji wa Asheville, wenye wafuasi wengi wa Democratic, hata kiti kikawa salama kwa chama chao. Mbunge wa kiti cha namna hiyo haogopi chama pinzani. Anayemwogopa ni mwanachama mwenzake atakayejitokeza kwenye kura za mchujo akidai kuwa mhafidhina zaidi yake. Agosti 2013, kabla hajatimiza mwaka mmoja bungeni, Meadows aliandika barua iliyotiwa saini na wabunge takriban 80, akiwataka viongozi wa Baraza la Wawakilishi wakatae kutoa fedha za kutekeleza sheria ya afya ya Rais Obama. Oktoba, bajeti ikiwa imekwama kwa mvutano huo, shughuli za serikali zilifungwa kwa siku 16.

Miaka miwili baadaye alinyang'anywa uenyekiti wa kamati ndogo kwa kupiga kura kinyume na viongozi wake, kisha akarudishiwa kwa shinikizo la wenzake. Tarehe 28 Julai 2015, siku aliyotimiza miaka 56, aliwasilisha hoja ya kumwondoa madarakani John Boehner, Spika wa chama chake mwenyewe. Hoja ile haikupigiwa kura, lakini Septemba Boehner alitangaza kuwa anajiuzulu. Sikubaliani na siasa za Meadows, wala sioni heshima yoyote katika kuwaacha watumishi wa umma bila mishahara ili kushinda hoja ya bajeti. Hata hivyo sitakubali mtu aseme kwamba alikosa ujasiri.

Swali langu ni ujasiri ule ulitegemea nini. Naamini ulitegemea wapiga kura wake, ambao walimchukia Boehner kuliko alivyomchukia yeye. Sasa tazameni mwaka 2017. Meadows ni mwenyekiti wa Freedom Caucus, kundi la wahafidhina alilosaidia kuliasisi mwaka 2015, na Machi kundi hilo linachangia kuukwamisha muswada wa Trump wa kuifuta sheria ya Obama. Trump anaandika waziwazi kwamba watu hao lazima wapigwe vita katika uchaguzi wa 2018. Wiki chache baadaye Meadows anakaa na Tom MacArthur wa New Jersey, wanakubaliana marekebisho, na tarehe 4 Mei muswada unapita Barazani kwa kura 217 dhidi ya 213. Kwa haki, marekebisho yale yalikuwa na mambo aliyoyapigania, hasa kuyaruhusu majimbo kuomba kuondolewa baadhi ya masharti ya bima, kwa hiyo sisemi alisalimu amri siku hiyo. Ninachosema ni kwamba wapiga kura waliokuwa ngao yake dhidi ya Boehner walikuwa sasa watu wa Trump, naye alilijua hilo. Julai 2018, pamoja na Jim Jordan, aliwasilisha mashtaka ya kumwondoa Rod Rosenstein, naibu mwanasheria mkuu aliyesimamia uchunguzi uliomgusa rais. Makali yalikuwa yale yale, ila sasa yaliwaelekea waliomchunguza mkubwa wa serikali. Aliyesifika kwa kuibana serikali alikuwa tayari mlinzi wa rais, na ofisi ya Ikulu ilikuja kuthibitisha tu jambo lililokwisha kutokea.

Wapo wanaodhani kosa ni kumchukua mbunge kwa kazi hiyo. Si kweli. Howard Baker, seneta wa Tennessee, ndiye aliyekuwa Mrepublican wa ngazi ya juu zaidi katika kamati ya Seneti ya mwaka 1973 iliyochunguza kashfa ya Watergate, iliyomgusa rais wa chama chake, Richard Nixon, na mwaka 1987 Reagan alimwita aiongoze Ikulu baada ya kashfa ya Iran na Contra, yaani kuiuzia Iran silaha kwa siri na kuwafadhili waasi wa Contra wa Nikaragua. Baker alikuwa amewahi kuwaongoza walio wengi katika Seneti, na alikubali kazi ile akiyaacha matumaini yake ya kugombea urais. Alikuja na heshima yake mwenyewe. Meadows, aliyekwisha kutangaza Desemba 2019 kwamba hatagombea tena na kujiuzulu ubunge Machi 2020, alibaki na mtaji mmoja tu, nao ni upendeleo wa rais.

Matokeo yake yanaonekana baada ya uchaguzi wa Novemba 2020, ambao Trump alishindwa. William Barr, mwanasheria mkuu wa wakati huo, alieleza baadaye kwamba mwezi ule alimuuliza Meadows rais ataendelea hadi lini na madai ya kuibiwa kura, naye Meadows akamjibu kwamba rais anaanza kuuona ukweli. Wiki chache baadaye Meadows huyo huyo alikuwa akimpelekea Jeffrey Rosen, aliyekaimu nafasi ya Barr, madai kwamba kura zilibadilishwa kwa setilaiti kutoka Italia. Tarehe 2 Januari 2021 ndiye aliyeyafungua mazungumzo ya simu ambamo Trump alimtaka Brad Raffensperger, msimamizi wa uchaguzi wa Georgia, amtafutie kura 11,780. Kila aliyezungumza naye alisikia alichotaka kukisikia, na hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa sababu kazi ya nafasi ile ni kumfikishia rais habari asizozitaka.

Kwa wanaosema alikuwa kazini tu, hoja hiyo ilitolewa mahakamani na mawakili wake waliotaka kesi ya Georgia, alikoshtakiwa pamoja na Trump kwa jitihada za kugeuza matokeo ya uchaguzi katika jimbo hilo, ihamishiwe mahakama ya shirikisho. Jaji Steve Jones aliikataa Septemba 2023, mahakama ya rufaa ikaikataa Desemba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu haikukubali hata kuisikiliza. Najua kwamba Novemba 2025 Trump alimpa msamaha, na mwezi huo huo kesi ya Georgia ikafutwa. Lakini mtu kutotiwa hatiani hakutuelezi kama aliifanya kazi yake ipasavyo, na mjadala huu unahusu kazi.

Wala msiniambie kwamba yeyote katika kiti kile angefanya hivyo hivyo. Mick Mulvaney, mwasisi mwenzake wa Freedom Caucus na mtangulizi wake katika kiti hicho hicho, alikuwa mjumbe maalumu wa rais Ireland Kaskazini tarehe 6 Januari 2021, siku wafuasi wa Trump walipolivamia Bunge, akajiuzulu mara moja. Meadows alibaki hadi tarehe 20 Januari. Anayeamini kwamba Ikulu ndiyo iliyomharibu anieleze kwa nini haikumharibu Mulvaney kwa kiwango kile kile.