Mwanangu kipa anasugua benchi huku Athens. Nimhamishie kwa mahasimu?

Baba Kipa: Wakuu, habari za jioni. Mimi mtu wa Tanga, niko Athens mwaka wa 14 huu. Mwanangu ana miaka 17, golikipa, na msimu wa pili sasa anasugua benchi timu ya mtaani kwetu. Timu ya mtaa wa pili, mahasimu wao wakubwa, wanamtaka. Sipati usingizi. Ahame au avumilie? Kila nikitaka kukata tamaa namkumbuka Nikopolidis, yule kipa wa Ugiriki. Alitoka mji mdogo wa Arta, akaingia klabu ya Panathinaikos ya hapa Athens 1989 ana miaka 18, akakaa miaka na miaka nyuma ya yule kipa Mpolandi, Wandzik. Timu ya taifa kaanza kuidakia 1999, ana 28. Kaondoka na mechi 90!

Mama Tuli: Pole baba. Shuleni anaendeleaje? Mpira una mwisho wake.

Glavu Kuukuu: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa kipa wa pili Temeke misimu minne. Siku kipa wa kwanza anateguka bega, mimi niko harusini Kibaha na suti ya kuazima. Wakamvalisha beki glavu, tukapigwa tano. Mwambie dogo asikose hata mechi moja, hata ya kirafiki.

Mzee wa Kona: Avumilie. Kipa anakomaa taratibu. Huyo Nikopolidis kwenye Euro 2004, lile kombe la mataifa ya Ulaya, alikuwa na miaka 33, nywele nyeupe kichwa kizima, na kuanzia robo fainali hakufungwa hata bao moja. Ufaransa 1-0, Czech 1-0, fainali Lisbon mbele ya Wareno wenyewe 1-0. Nililia siku ile, na Ugiriki sijawahi kufika.

Wino Mwekundu: Baba Kipa, usajili wa dogo unaisha lini? Mbona hilo hujaligusa?

Baba Kipa: Mambo ya karatasi yanazungumzika. Nataka ushauri wa kimpira.

Wino Mwekundu: Ndio ushauri wa kimpira huo. Unaisha lini?

Baba Kipa: Umebaki msimu mmoja. Haya, niseme yote. Wiki jana nimeshasaini kule kwa mahasimu, kama mzazi. Wamenipa Euro 300 za viatu na glavu. Dogo hajui. Lakini msinihukumu, wakuu. Nikopolidis mwenyewe 2004 alitoka Panathinaikos akaenda kwa mahasimu wao, Olympiacos, na ubingwa akabeba huko. Kuhama si dhambi.

Mtoto wa Jangwani: Kipa wetu Kaseja naye kadakia Simba na Yanga zote, na mtaani anapita tunamsalimia. Ila dogo siku ya kwanza asipite nyumbani kwa kocha wa zamani, apande basi 😂

Wino Mwekundu: Mkuu, mfano wako unakukana. Nikopolidis alivutana na Panathinaikos juu ya mkataba mpya, wakamweka benchi, kipa mwenzake Chalkias akadaka. Alikwenda Euro akitokea benchi la klabu. Alingoja mkataba uishe ndipo akavuka, na Olympiacos kadaka mpaka 2011, ana miaka 40. Wewe umemsainisha mtoto mwenye usajili hai kwingine. Rudisha hela kabla mtoto hajafungiwa.

Mama Tuli: Na umesaini bila kumuuliza! Miaka 17 si mtoto wa kubebwa mgongoni.

Sema Kweli: Mimi hii naona ni chai. Benchi miaka, mahasimu, mkataba, Ugiriki... Umechukua maisha ya Nikopolidis ukayapachika mtoto. Huyo dogo yupo kweli?

Mzee wa Kona: Kweli, hata mimi nimeanza kushtuka.

Baba Kipa: Yupo. Glavu zake ziko kwenye kamba ya nguo hapa barazani, zinadondosha maji. Ya kushoto imelika chini ya kidole gumba mpaka sponji inaonekana, kwa sababu akidondoka kushoto hujizuia kwa kiganja. Huzivaa za mazoezi tu. Za mechi zimo kabatini, mpya, na lebo ya bei haijatolewa. Misimu miwili, Sema Kweli. Hiyo lebo ndiyo iliyonisainisha.

Sema Kweli: Nisamehe, mzee wangu.

Glavu Kuukuu: Lebo haijatolewa... Mwambie leo hii.

Baba Kipa: Nimemwambia. Nikamsimulia na habari za Nikopolidis, kama nilivyowasimulia ninyi. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yeye alisainiwa na baba yake?" Kaingia chumbani. Hela nimezitia kwenye bahasha, kesho saa kumi jioni nazipeleka. Kasema atakuja na mimi, ila atakayeongea ni yeye.