Mahindi yameota ukungu: nikiyakaanga kisha nikasaga unga wa lishe, kuna shida?

MamaUji_Dom:
Wakuu, habari za leo. Nasaga unga wa lishe hapa Dodoma, wateja wangu wengi ni akina mama wanaotoka kliniki na watoto. Naweka mahindi, karanga, mtama na soya kidogo. Juzi nimeletewa mahindi na mtu wangu wa siku zote. Magunia ya juu safi kabisa, ila la chini lililokuwa limelala sakafuni nimekuta punje zimeshikana, nyingine zina vumbi la kijani pale kwenye kiini. Harufu ni ile ya stoo iliyofungwa siku nyingi.

Fundi wa mashine ananiambia niyaoshe, niyaanike, niyakaange mpaka yabadilike rangi, hakuna mdudu atakayebaki. Shangazi anasema wamekula hayo tangu enzi na wapo. Bei ya mahindi mnaijua, kumwaga gunia zima roho inauma. Naomba mtu anayejua, sio wa kukisia.

Mchangamfu88:
Wape kuku, dada. Hakuna kinachopotea.

BamboLaKibaigwa:
Fundi wako yuko sahihi kuhusu mdudu, ila shida yako si mdudu. Ukungu unakufa kwenye kikaango, sumu yake inabaki. Hiyo ndiyo sumukuvu. Haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Ukiosha unaondoa lile vumbi la kijani tu, yaani umefuta ushahidi ukaacha mwizi ndani.

Na huyu wa kuku asikilizwe kwa mbali. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuifuatilia sumu hii. Ng'ombe wa maziwa ukimpa, sehemu inatokea kwenye maziwa. Anakunywa nani? Mtoto yuleyule uliyemnusuru na uji.

Shangazi mheshimu, lakini mkumbushe mwaka 2016. Haikuwa mbali, ni hapahapa Dodoma na jirani zetu Manyara: watu 68 waliugua, 20 wakafa. Macho ya manjano, kutapika, tumbo kuvimba. Hao walikula nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo haoni kitu leo, ini ndilo linaloandika deni, na mwenye homa ya ini B hatari ya saratani kwake inapanda sana. Kwa watoto, watafiti wanaihusisha na kudumaa. Wewe unauza uji wa watoto, kwa hiyo hilo gunia halina mjadala: lichimbie shimo ulifukie. Usilimwage jalalani, kesho utalikuta mnadani.

Mengine usiyaamini kwa macho. Mimi nanunua mahindi na bambo liko mkononi, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa punje za ndani. Nachoma gunia juu, katikati, chini na pembeni, kwa sababu sumu haisambai sawasawa. Punje chache mbaya zinatosha kuharibu debe, na ukichota kiganja kimoja cha juu utajidanganya. Mwaga kila gunia kwenye turubai, chambua. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Vibarua watanung'unika, waache wanung'unike. Halafu koboa kabla ya kusaga, maana sumu nyingi inakaa kwenye kiini na pumba. Najua wateja wa lishe wanapenda dona. Waelezee. Kuchambua na kukoboa kunapunguza tu, hakusafishi gunia lililokwisha kuoza.

Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu, tia chumvi kavu na mahindi, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, hayo bado mabichi, rudisha juani. Na magunia yapande kwenye chaga, yasiguse sakafu wala ukuta.

Mwende_Kitui:
Nimepita tu nikaona hii, nikashindwa kunyamaza. Sisi huku Ukambani, Kenya, 2004 tulizika. Watu 317 waliugua, 125 wakafariki, wengi Makueni na huku kwetu Kitui. Chakula kilikuwa haba, kwa hivyo watu waliogopa wezi wakaweka mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani, hayajakauka vizuri. Nyanya yangu alikuwa anapanga magunia chini ya kitanda. Hakuna aliyedhani ni ugali. Tulisema ni homa ya manjano, wengine wakasema ni kurogwa. Tafadhali usiuze hiyo unga.

MamaUji_Dom:
Asanteni, gunia nimelifukia leo, fundi amenicheka na nimemwacha acheke. Mzee wa Bambo, maswali mawili. Karanga je? Na kuna mteja, mwenye duka, anataka karatasi ya vipimo.

BamboLaKibaigwa:
Karanga ni ndugu wa damu wa mahindi kwenye hili, pengine mbaya zaidi. Nunua zenye maganda, menya mwenyewe, chambua kabla ya kukaanga, maana zikishaiva rangi zinafanana zote. Zilizokwisha kusagwa sokoni usiguse, hujui ndani kuna nini. Nikikushauri kama biashara yangu, ningepunguza karanga na mahindi nikaongeza mtama, kwa kawaida wenyewe hauathiriki sana.

Karatasi ni haki yake huyo mteja. Kiwango cha Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na ile aina kali, B1, isizidi 5. Kenya walipozuia mahindi yetu na ya Uganda Machi 2021, malori yalilala mpakani Namanga, na waliorudishiwa uhai ni wenye vyeti. Nenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, usalama wa chakula uko kwao tangu 2019. Sampuli chota kila gunia, changanya, ndipo upeleke. Ukipeleka ya gunia zuri pekee utapata karatasi nzuri ya gunia moja.

Yule aliyekuletea, umeshamwambia? Magunia mengine ya mzigo ule yako kwa nani?